Kijana Aliyefungua Mota

Mwezi uliopita kioo cha gari langu kilikwama katikati, hakipandi wala hakishuki, nikalipeleka mtaa wa Gerezani kwa fundi mmoja anayefanyia kazi pembeni mwa barabara. Alipovuta kava ya mlango na klipu zikaanza kuachia moja baada ya nyingine, ilitoka harufu ambayo sikuwa nimeisikia tangu utotoni: grisi ya zamani, vumbi lililowahi kulowa maji ya mvua likakauka, na ile gundi nyeusi inayoshika nailoni ya ndani ya mlango. Nilikuwa nimesimama na simu mkononi naandika ujumbe wa kazini, nikashindwa kuumaliza. Fundi akaniuliza, "Dada, uko sawa?" Nikamwambia ni jua tu. Haikuwa jua. Ilikuwa hasira, tena hasira ya mtoto wa miaka kumi.

Nilipokuwa na umri huo tulikaa Mchafukoge, katikati ya Dar, ghorofa ya pili, katika jengo la zamani ambalo mbele lina maduka na nyuma lina uwanja wa saruji ambapo wapangaji walianika nguo na kuegesha magari. Baba alikuwa na duka la jumla la sufuria na chupa za chai Kariakoo, na Mama alikuwa akishinda naye huko. Watoto tulikuwa wawili. Kaka yangu Godlisten, tuliyemwita Godi, alikuwa na miaka kumi na miwili, na mimi, Ndeshi, nilikuwa namfuatia. Godi alikuwa mtoto wa daftari na penseli. Angeweza kukuchorea uso wa mtu aliyempita njiani mara moja tu, lakini ukimpa bisibisi aliishika kama kijiko cha uji. Mimi ndiye niliyefungua redio ya Mama nikiwa na miaka saba, nikachapwa, na redio ikaimba.

Gari letu lilikuwa dogo, la rangi ya maziwa, la mkono wa pili. Mwaka huo mvua za vuli zilipoanza, kioo cha dereva kilishuka siku moja na hakikupanda tena. Ukibonyeza swichi ulisikia mlio mdogo tu ndani ya mlango, kama mtu anayegonga jino kwa ukucha, basi. Baba alibandika nailoni dirishani akaendesha hivyo wiki nzima, nailoni ikipigapiga na bega lake likilowa. Fundi aliyemwonyesha alisema mota imekufa, itolewe, iwekwe nyingine. Baba hakumwamini. Alirudi nyumbani akasema atafungua mlango mwenyewe, na kwamba ni lazima kioo kipone kabla Baba Mkubwa hajafika.

Baba Mkubwa alikuwa kaka yake Baba, mkubwa wa ukoo wetu wote. Aliishi Moshi, alikuwa na gereji ya malori, na ndiye aliyemfungulia Baba lile duka la kwanza. Alikuwa na mabinti wanne na hakuwa na mtoto wa kiume. Kila aliposhuka Dar alizungumza jambo hilo mezani kwa sauti ya mtu anayeeleza ugonjwa. Alikuwa aje mwezi wa kumi na mbili, na Baba ndiye angekwenda kumpokea stendi.

Jumapili ya kwanza, tuliporudi kanisani, Baba alishuka uwanjani na bisibisi na spana zake. Mimi nilimfuata bila kuitwa. Alifungua skrubu, ile iliyojificha nyuma ya kishikio nikamwonyesha mimi, akavuta kava, akabandua nailoni. Ndani kulikuwa na tundu, na nyuma ya tundu ndiyo ilikaa mota, imefungwa kwa bolti tatu kwenye mashine ya kioo. Baba aliingiza mkono. Alikuwa mtu mnene, mkono wake ukakwama kwenye kiwiko, akautoa umechubuka. Akajaribu wa kushoto. Kisha akaniangalia muda mrefu, akaangalia juu kwenye vibaraza vya majirani, akaniambia, "Panda juu. Vaa kaptula ya Godi na ile kofia yake, urudi."

Nilipanda ngazi mbili mbili. Godi alikuwa amekwenda kucheza mpira Mnazi Mmoja na wenzake, kofia yake ya bluu ilikuwa imening'inia mlangoni. Niliivaa nikasukumia nywele zangu zote ndani, kama nilivyoona mafundi wakivaa ovaroli kabla ya kazi. Niliamini hiyo ndiyo maana yake. Niliamini kwamba Baba ameniona, kwamba kuanzia saa ile mimi ni fundi na hayo ndiyo mavazi yangu ya ufundi. Hata nilipokuwa nateremka nilibadilisha mwendo.

Mkono wangu uliingia tunduni bila shida. Baba alinishikia taa, akaniambia nifuate ukingo wa chuma kwa kidole mpaka nikute kichwa cha bolti. Mambo mengi ya utotoni nimeyasahau, lakini hilo la kutafuta bolti kwa vidole tu, bila kuona, nalikumbuka kwenye ngozi. Bati lilikuwa baridi na grisi ilikuwa laini kama mafuta ya nazi asubuhi. Bolti ya tatu ilikataa. Baba alisema, "Polepole, mama. Usipigane nayo, isikilize." Alikuwa akiniita mama anapokuwa na furaha. Bolti ikaachia, mota ikaniangukia mkononi, nzito kuliko nilivyotegemea.

Wakati huohuo Bibi Zuhura alichungulia kutoka ghorofa ya tatu. Alikuwa mjane, mzaliwa wa hapohapo mjini, aliyeuza vitumbua asubuhi na kujua habari za jengo zima. Akaita, "Godi, leo unamsaidia mzee?"

Nilitaka kumwamkia, lakini Baba alinibonyeza mguu. Akajibu yeye. "Ndiyo, Bibi. Anajifunza."

Mimi nikainua mkono tu, kichwa chini, huku nikijizuia kucheka. Nilidhani ni mchezo wetu sisi wawili. Nilidhani siku moja Baba atanivua kofia mbele ya watu wote, na watu wote watashangaa.

Tuliifungulia mota juu ya gazeti, kwenye saruji. Maji ya mvua yalikuwa yameingia, ndani kumejaa uchafu wa kutu. Baba alinionyesha kaboni mbili ndogo zinazogusa sehemu inayozunguka na kuipa umeme, akasema zikiisha mota inakufa. Hazikuwa zimeisha. Nilizitazama kwa karibu nikaona moja imezama kwenye nyumba yake haitoki. Nikamwambia, "Hii haijaisha, Baba, imenasa." Alisema haiwezekani. Nikachomoa chupio kwenye nywele zangu, chini ya kofia, nikaichokonoa nalo ile kaboni taratibu mpaka ikaruka mbele kwa springi yake. Baba akachukua mota, akaiangalia, akaniangalia.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna."

Tulisafisha kwa petroli na msasa, tukaunganisha nyaya mbili kwenye betri, na mota ikazunguka. Baba akaniambia nigeuze nyaya; nikageuza, ikazunguka upande wa pili. Niligeuza tena na tena mpaka akanizuia. Sikumbuki siku nyingine ya utoto wangu ambayo nilikuwa na furaha kiasi kile. Jumapili iliyofuata nilivaa tena kaptula na kofia, tukairudisha, na kioo kikapanda mpaka juu na kushuka mpaka chini bila kusita.

Siku mbili tatu baadaye nilikuwa nafanya kazi ya shule koridoni. Baba alikuwa chumbani anaongea na Baba Mkubwa kwa simu, akichanganya Kichaga na Kiswahili. Nikamsikia, wazi kabisa, akisema: "Kijana wangu ana mikono, kaka. Mota ameitoa mwenyewe, akaona kaboni imenasa, akaitoa. Mimi nilishika taa tu."

Niliacha kuandika. Kijana wangu. Mpaka leo nikilisikia neno hilo linanigusa mahali. Mwalimu wetu alikuwa akituita vijana sote, wavulana kwa wasichana, basi sikuona sababu ya kuwa na shaka. Nilichukua lile neno nikalala nalo. Nilihesabu siku za Baba Mkubwa kufika kama watoto wengine wanavyohesabu siku za Krismasi.

Alifika Jumamosi. Baba alimpokea kwa lile gari, kioo kikiwa kimefungwa vizuri, na waliposhuka uwanjani sote tulikuwa tumesimama tunawasubiri: Mama, Godi katika shati lake la kanisani, na mimi katika gauni. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia sana. Kabla hata ya kupanda juu akarudi kwenye mlango wa dereva, akabonyeza swichi. Kioo kikashuka. Akabonyeza tena, kikapanda. Akatega sikio, kama daktari.

"Hii ndiyo mota mliyofungua nyumbani?"

"Ndiyo hiyo," Baba akasema.

"Na aliyeifungua ni huyu?"

Baba akaweka mkono begani kwa Godi. "Ni huyu."

Nilicheka. Naona aibu kulisema, lakini nilicheka, kwa sababu nilidhani mchezo wetu umefika mahali pazuri kabisa na Baba anauvuta kidogo ili uwe mtamu. Nikasubiri. Baba Mkubwa alikuwa anampapasa Godi kichwani, anamwambia hii ndiyo damu yetu. Nikasema, "Baba, waambie sasa."

"Niwaambie nini?"

"Kwamba ni mimi."

Mama aliangalia kamba za nguo. Baba akacheka kicheko kifupi, kile alichokitumia dukani kwa mteja msumbufu. "Huyu alikuwa anatushikia taa," akamwambia kaka yake.

Lakini bado nilikuwa mtoto, nikaamini kwamba amesahau tu na kwamba nikieleza vizuri atakumbuka. Nikaanza kueleza haraka haraka: bolti zilikuwa tatu, ya mwisho ilikataa, kaboni moja ilikuwa imenasa, nikaitoa kwa chupio. Baba Mkubwa alinisikiliza hadi mwisho. Alikuwa fundi, alijua maneno yale si ya kubuni. Akamgeukia Godi.

"Kaboni ilikuwa imefanyaje?"

Godi alimwangalia Baba. Nilimwona akimwangalia. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, "Ilikuwa imenasa."

"Ukaitoa na nini?"

"Na chupio."

"Chupio la nani?"

"La Ndeshi."

Basi wakacheka, Baba Mkubwa na Baba, kicheko cha watu waliopata jibu. Kumbe ndiyo maana, Baba Mkubwa akasema, mtoto ametoa chupio lake na sasa anadai kazi yote. Akanipa pipi. Baba aliniambia, bila ukali wowote, "Ndeshi, nenda kamsaidie mama yako kupakua." Ukosefu wa ukali ndio ulioniumiza zaidi. Angenifokea ningejua kwamba anaona haya.

Sikwenda jikoni. Nilipanda hadi ngazi za ghorofa ya tatu nikakaa hapo nikilia. Bibi Zuhura akatoka na beseni lake la nguo. Alikuwa ameyaona yote kutoka kibarazani. Akakaa kando yangu, jambo lililomchukua muda kwa sababu ya magoti yake.

"Ile kofia ulifikiri ya nini, mwanangu?" akaniuliza.

"Ya kazi."

"Mimi nilikujua tangu siku ya kwanza," akasema. "Godi hatembei vile. Nikaita jina la Godi ili nimsikie babako atasema nini. Nilitaka aseme, Bibi, huyu ni binti yangu."

Hapo ndipo kila kitu kilipogeuka, kimoja kimoja: kaptula, Baba kuangalia vibaraza kabla ya kunituma, mguu uliobonyezwa, kijana wangu kwenye simu. Vitu vyote nilivyokuwa nimevitunza kama zawadi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa changu. Baba hakuwa amesahau chochote pale uwanjani. Alikuwa amejiandaa wiki tatu.

Januari Baba Mkubwa alimchukua Godi kwenda kusoma Moshi, katika shule yenye karakana, na mwisho wa juma ashinde gerejini kwake. Ndivyo walivyokubaliana. Asubuhi ya safari Godi alilia akimshika Mama, mvulana mkubwa wa miaka kumi na miwili, na mimi nilisimama mlangoni nikafurahi kumwona analia. Sikuweza kufikiri wakati ule kwamba naye ametolewa mahali alipopapenda. Alidumu huko miaka miwili. Barua zake zilikuja na michoro ya malori, mizuri ajabu, na kila alipogusa lori lenyewe aliliharibu. Mwishowe Baba Mkubwa alimrudisha akisema kijana ameharibika mikono.

Katika miaka hiyo miwili Baba aliniita mara moja tu. Ilikuwa Jumapili, kioo cha nyuma kimegoma. Alisimama mlangoni pa chumba changu na spana mkononi, akasema kama vile hakuna kilichowahi kutokea, "Mama, kavae twende. Tuna kazi."

Nilishuka nikiwa na gauni langu la kanisani, la njano, nywele wazi. Nikaketi kwenye saruji kando ya mlango wa gari, mahali ambapo kila kibaraza kingeniona. Baba alipofika akasimama.

"Kabadilishe nguo, utachafuka."

"Nitafua mwenyewe."

"Ndeshi."

"Nifungue nikiwa hivi, Baba, au nisifungue."

Majirani walikuwepo. Bibi Zuhura alikuwepo, ameegemea ukuta wa kibaraza na kikombe cha chai. Nilimpa Baba muda. Namkumbuka jinsi alivyoangalia juu, akaangalia spana, nikamwona kabisa anapima. Ningemfungulia ile mota siku ile na ningesamehe yote. Nilikuwa na hamu hiyo hadi vidole vikaniwasha. Akasema, "Basi, acha," akazikusanya zana zake. Kile kioo kiligongewa kipande cha mbao kikabaki hivyo mpaka gari lilipouzwa.

Sikuwahi kufungua mota nyingine. Watu wa rika langu wakisimulia mambo ya aina hii hupenda kumalizia kwamba ndiyo maana leo ni mainjinia. Mimi ni mhasibu wa kampuni ya usafirishaji, na kazi naiweza. Godi anafundisha sanaa shule ya msingi. Tulipokuwa watu wazima aliniambia kwamba usiku wa kuamkia siku aliyofika Baba Mkubwa, Baba alimkalisha na kumfundisha majibu, na kwamba neno chupio lilikuwa mojawapo. Aliniomba radhi. Naye nilimsamehe bila taabu, alikuwa mtoto kama mimi.

Baba sasa anaishi kwangu. Mama alitangulia miaka michache iliyopita, Baba Mkubwa kabla yake. Siku ile niliporudi kutoka Gerezani nilimkuta barazani anasikiliza redio, shuka magotini. Nilikuwa nimekaa na swali lile miaka mingi, na nilikuwa nimejiandaa kwa jibu moja tu, kwamba hakumbuki.

"Baba, ile mota ya kioo, kule Mchafukoge. Nani aliitengeneza?"

Alipunguza sauti ya redio. "Wewe," akasema.

Hakusita hata kidogo. Nilivuta kiti nikakaa karibu naye.

"Sasa kwa nini ulisema vile?"

"Kaka yangu alikuwa anatafuta kijana wa kumwachia gereji. Nilitaka awe wa kwangu." Alikunja ncha ya shuka, akaikunjua. "Godi hakuweza. Wewe uliweza. Nikasema nikiwachanganya ninyi wawili, nitapata mtoto mmoja anayetosha."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mdogo. Nilidhani utasahau."

Nikamuuliza kama yeye alisahau. Akatikisa kichwa. Baadaye akaniangalia, anasubiri, na nilijua kabisa neno analolisubiri. Siku nyingine nyingi nimekuwa nalo mdomoni, nikimpa dawa, nikimkata kucha. Siku ile sikuwa nalo. Nilimwongezea sauti ya redio nikaingia ndani, nikampigia Godi simu, nikamwambia kwamba Baba amekiri, kwa mdomo wake, kwamba ni mimi.

Godi alinisikiliza mpaka mwisho.

"Amesema mbele ya nani?" akauliza.

"Mbele yangu tu," nikamjibu.